Saiti haifunguki kwenye kompyuta ya nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali nimeyajibu mara nyingi sana, kwa simu, kwa meseji, saa zingine usiku kabisa mtu anatakiwa atume fomu na kesho ndo mwisho, kwa hiyo nimeona niyaweke sehemu moja. Kuna kitu kinaniuma hapa. Saiti ikigoma tu, ushauri wa kwanza mtu anaopewa ni "piga Windows upya", yaani futa kila kitu uiweke upya, na nimeshamwona mtu amepoteza picha za watoto wake za miaka yote kwa tatizo ambalo kumbe ilikuwa saa ya kompyuta imerudi nyuma. Kwa hiyo kabla hujafika huko, soma kwanza.

Nianzie wapi, mbona sijui hata tatizo liko upande gani?

Anzia hapo hapo kwenye upande. Ukifungua saiti kuna sehemu tatu zinazohusika: kompyuta yako na brauza yake, njia ya katikati yaani rauta na kampuni inayokuletea intaneti, halafu seva ya mwenye saiti huko iliko. Kazi ya kwanza ni kujua ni wapi pamekatika na hiyo ni dakika mbili tu. Fungua saiti nyingine kabisa, na iwe ambayo hujaigusa siku nyingi, maana ile unayoingia kila siku brauza inaweza kukuonyesha vitu ilivyojiwekea yenyewe ukadhani mtandao upo. Halafu chukua simu iliyoshika waifai hiyo hiyo ujaribu ile saiti iliyogoma. Halafu zima waifai kwenye simu, washa data, jaribu tena.

Simu kwa waifai inafungua ila kompyuta haifungui, basi shida iko kwenye kompyuta, achana na rauta. Simu kwa waifai inagoma ila kwa data inafungua, hapo ni rauta au kampuni ya intaneti. Kote inagoma na saiti zingine zinafunguka vizuri, basi karibu hakika ni saiti yenyewe na huna cha kutengeneza, subiri. Usiguse setingi yoyote kabla hujamaliza hilo jaribio, na ukianza kugusa gusa kimoja, jaribu, ndo uende kingine, kwa sababu ukibadilisha vitu vinne kwa mpigo saiti ikifunguka hutajua kilichosaidia na mambo yakizidi kuharibika hutajua cha kurudisha.

Kwani hata saiti kubwa huwa zinalala?

Sana tu. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilipotea dunia nzima kwa karibu saa sita, chanzo kilikuwa kazi ya matengenezo ndani ya mtandao wao wenyewe, seva zao za DNS (zile zinazotoa namba ya saiti ukitaja jina lake, naieleza chini) zikawa hazifikiki kutoka nje, na watu majumbani wanazima rauta, wanafuta programu kwenye simu, wakati kwao hakuna kilichoharibika. Mwaka huo huo tarehe 8 Juni ilikuwa Fastly, hii ni kampuni inayosambaza kurasa za saiti nyingi, ilipata hitilafu ya programu na kwa karibu saa moja magazeti makubwa na hata saiti ya serikali ya Uingereza zikawa zinatoa namba 503. Kwa hiyo ukiona saiti kadhaa kubwa zimeanguka kwa pamoja na zingine ziko sawa, tulia.

Inaniletea namba, 404, 403, 502, hizo ni nini?

Ukiona namba hizo ni habari njema kiasi, maana yake kuna seva imekujibu, intaneti yako inafanya kazi. Zinazoanza na 4 kwa kawaida ni kuhusu ulichoomba: 404 ukurasa haupo (angalia kama umekosea anwani au linki ni ya zamani), 403 umekatazwa kuingia, 429 umeomba mara nyingi mno kwa muda mfupi, acha kurifreshi kwanza. Zinazoanza na 5 ni za upande wao: 500, 502, 503, 504, yote hayo seva yao imezidiwa au imevurugika. Kitu pekee cha kuangalia kwako ni VPN, ile programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva nyingine kwanza, kuna saiti zinatoa 403 kwa mtu yeyote anayeingia kwa VPN, izime ujaribu.

Imeandika DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN, nimefanya kosa gani?

Pengine hujafanya kosa lolote, ila kwanza soma ulichoandika herufi kwa herufi, maana kosa la herufi moja linaleta ujumbe huo huo.

Kama anwani iko sawa basi ni DNS. DNS ni kama kitabu cha namba za simu, we unaandika jina la saiti, kompyuta inaenda kuuliza hilo jina namba yake ni ngapi, ikipata ndo inapiga. Mfumo huu ulianza 1983 na mpaka leo intaneti yote imesimama juu yake. Sasa ukikosa jibu huko au ukipewa jibu bovu, saiti haifunguki hata kama yenyewe iko hai na intaneti yako ina nguvu.

Jaribio lake ni rahisi. Fungua Command Prompt (bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, enter) halafu andika ping 8.8.8.8. Hiyo ni namba ya seva ya Google. Ikijibu maana yake njia ipo. Sasa andika ping google.com. Namba ikijibu lakini jina likagoma, umeshampata mwizi, ni DNS. Vyote vikigoma tatizo ni kubwa kuliko DNS, nenda kwenye swali la rauta.

Kwanza futa majibu ya zamani ambayo kompyuta imeyashikilia, andika ipconfig /flushdns enter. Hiyo haifuti faili lako lolote, usiogope. Ikiwa bado, badilisha seva ya DNS: kwenye Windows 11 ingia Settings, Network & internet, chagua waifai au kebo unayotumia, tafuta palipoandikwa DNS, weka manual, washa IPv4, kisha andika 8.8.8.8 na ya pili 8.8.4.4 ambazo ni za Google, au 1.1.1.1 na 1.0.0.1 ambazo ni za Cloudflare. Hizo ni za bure na zinatumika na yeyote. Kabla hujafuta zile za mwanzo ziandike kwenye karatasi. Na kama kompyuta ni ya ofisini umekuja nayo nyumbani, usibadilishe, muulize mtu wenu wa IT, maana kuna saiti za ndani ya ofisi zinajulikana na DNS ya ofisi peke yake.

Saiti nayo ikiwa mpya au imehama seva karibuni, kuna wengine watakuwa wanaiona na wewe huioni kwa saa kadhaa, mara nyingine mpaka siku moja au mbili. Hapo ni kusubiri majibu ya zamani yaishe muda wake.

Yangu inazunguka weee mwisho inasema timed out. Ni sawa na refused?

Hapana, na tofauti yake inasaidia. Timed out ni umegonga mlango hakuna aliyeitikia: seva imezimwa, au kuna fayawoli (mlinzi wa mtandao) katikati inameza maombi yako kimya kimya, au mtandao wako umechoka. Refused ni umegonga, mtu akasema hatupokei, yaani mashine ipo ila huduma ya saiti haijawashwa au mlango umefungwa. Reset ni mazungumzo yalianza yakakatwa katikati, na hiyo naiona zaidi kwa watu wenye antivairasi inayochungulia kila kitu, VPN mbovu, au pale mtandao unapozuia saiti fulani kwa makusudi. Ukiona reset kwa saiti moja tu na kwa data ya simu inafunguka, kwanza zima VPN na ile sehemu ya antivairasi inayokagua mtandao kwa dakika moja, jaribu, halafu iwashe tena hapo hapo. Usiiache imezimwa, tafadhali.

Inasema "Your connection is not private", nibonyeze kuendelea?

Usibonyeze. Kwanza angalia saa, kona ya chini kulia: tarehe, mwezi na MWAKA. Watu wanaangalia saa na dakika wanaona ziko sawa wanaacha, kumbe mwaka umerudi nyuma. Saiti za https zina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, sasa kompyuta ikidhani tuko miaka mingi iliyopita inaona cheti hakijaanza kutumika, inakataa saiti karibu zote. Ukiona NET::ERR_CERT_DATE_INVALID kwenye kila saiti unayofungua, ni saa tu hiyo.

Hapa ndo yule mtu wa picha za watoto alipopotelea. Kompyuta yake ya mezani kila akichomoa kwenye umeme asubuhi yake saiti zinagoma, akaambiwa ni virusi, ikapigwa Windows, picha zikaenda, na kesho yake akichomoa tatizo linarudi vile vile. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya duara kama sarafu, nyingi zimeandikwa CR2032, ndo inayotunza saa wakati umeme haupo, na baada ya miaka inakufa. Unazima, unachomoa waya wa umeme, unafungua, unatoa ya zamani unaweka mpya upande ule ule, unaweka saa sawa, basi. Laptopu ni tofauti kidogo, betri hiyo mara nyingi ina waya wake au imechomelewa, mpelekee fundi. Kama hujapata betri, rekebisha tarehe kwa mkono kila ukiwasha, utafanya kazi yako vizuri tu.

Saa iko sawa na onyo linakuja kwa saiti moja peke yake? Inawezekana mwenye saiti amesahau kulipia au kuhuisha cheti, hiyo inatokea hata kwa saiti za maana. Linakuja kwa saiti zote ukiwa umeunganishwa waifai ya hoteli au ya sehemu ya umma? Hapo inabidi kwanza uingie kwenye ukurasa wao wa kukubali masharti, na https inazuia huo ukurasa kujitokeza, andika http://example.com kwenye brauza na mara nyingi utatokea. Ila kama ni saiti ya benki au barua pepe na onyo lipo, funga. Usiingize nywila. Kuna uwezekano mtu yuko katikati anasoma.

Chrome haifungui lakini Firefox inafungua, kwa nini?

Basi mtandao ni mzima, rauta nzima, DNS huenda ni nzima pia, tatizo liko ndani ya hiyo brauza. Fungua dirisha la siri, Ctrl+Shift+N kwa Chrome na Edge, Ctrl+Shift+P kwa Firefox, ujaribu humo. Ikifunguka humo maana yake ni kuki (kumbukumbu ndogo saiti inazoziacha kwenye brauza), kashe (nakala za kurasa za zamani) au ekstensheni, yaani zile programu ndogo ulizoongeza, kwa sababu dirisha la siri linaanza na kuki tupu na kwa Chrome ekstensheni huwa zimelala humo isipokuwa uliziruhusu mwenyewe.

Zima ekstensheni moja moja ukianza na zinazozuia matangazo, hizo ndo nazikuta mara nyingi, saiti inafunguka nusu, kitufe cha kulipia hakibonyezeki, picha hazionekani. Zikiwa hazihusiki futa kuki za hiyo saiti PEKE YAKE. Bonyeza ile alama iliyo kushoto mwa anwani, utaona sehemu ya data za saiti, futa hapo. Watu wanakimbilia Ctrl+Shift+Delete wanafuta kila kitu cha miaka yote halafu wanatolewa kwenye akaunti zote na nywila hawazikumbuki, haina haja. Ujumbe wa ERR_TOO_MANY_REDIRECTS nao mara nyingi unatibika hivi hivi.

Na kabla ya yote hayo, Ctrl+F5. Inailazimisha brauza ivute ukurasa upya badala ya kukuletea ule wa zamani.

Kuzima na kuwasha rauta kunasaidia kweli au ni mazoea?

Kunasaidia kweli, kwa sababu rauta ni kompyuta ndogo, kumbukumbu yake inajaa, inashikilia anwani ya zamani ambayo kampuni imeshabadilisha, na ikianza upya inaomba kila kitu upya. Ila fanya vizuri: chomoa umeme, hesabu sekunde 30, chomeka, halafu subiri dakika mbili tatu taa zitulie kabla hujasema imegoma. Kama una modemu na rauta tofauti, washa modemu kwanza, itulie, ndo uwashe rauta.

Naomba sana usiingize sindano kwenye kale katundu ka reset. Kuwasha upya na kureset ni vitu viwili tofauti kabisa. Kareset kanafuta jina la waifai, nywila, na kwa kampuni nyingi kanafuta pia jina na nywila za kuingilia mtandao ambazo aliziweka fundi siku ile anafunga, sasa kama huna hizo utakaa bila intaneti mpaka aje.

Waifai inaonyesha imeshika lakini hakuna hata saiti moja inayofunguka

Kushika waifai ni kufika kwenye rauta tu, haimaanishi rauta nayo imefika nje. Angalia taa ya intaneti kwenye rauta, ikiwa nyekundu au imezima hilo si lako. Angalia pia kama bando limeisha, nalisema kwa sababu huwa linasahaulika.

Halafu andika ipconfig kwenye cmd, tafuta mstari wa IPv4. Kwa rauta nyingi za nyumbani utaona namba inayoanza na 192.168. Ukiona inaanza na 169.254, kompyuta iliomba anwani kwa rauta ikakosa, ikajipa yenyewe, na kwa anwani hiyo huendi popote. Andika ipconfig /release halafu ipconfig /renew. Ikirudia tena 169.254 jaribu kwa kebo badala ya waifai, au sahau huo mtandao kwenye kompyuta uunganishe upya na nywila.

Kompyuta yangu ni ya Windows 7, saiti zimeanza kugoma moja baada ya nyingine

Hiyo ni umri, na inaniumiza kusema maana wengi wenye hizo mashine hawana nyingine. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Chrome ya mwisho kwa Windows 7 na 8.1 ni toleo la 109, kuanzia la 110 la Februari 2023 inataka Windows 10 kwenda juu. Halafu tarehe 30 Septemba 2021 cheti kimoja mama kilichokuwa kinategemewa na saiti nyingi sana zenye vyeti vya Let's Encrypt (shirika linalotoa vyeti vya https bure) kiliisha muda, mashine za zamani ambazo hazikuwa na kile kipya zikaanza kukataa saiti nzima nzima. Internet Explorer usiifikirie kabisa, Microsoft yenyewe iliistaafisha 15 Juni 2022.

Ukiwa na Windows 7 jaribu Firefox toleo la 115 ESR, ina orodha yake yenyewe ya vyeti, haitegemei ya Windows, kwa hiyo saiti nyingi zilizokufa kwenye brauza zingine zinafufuka humo. Ni suluhisho la muda, usifanyie mambo ya benki. La kudumu kwa mashine dhaifu ni kuweka Linux nyepesi, mfumo mwingine badala ya Windows, ni ya bure na brauza zake ni za kisasa.

Nifanyeje kujua kama ni virusi?

Angalia sehemu mbili ambazo virusi vinapenda kujificha. Ya kwanza ni proksi, seva ya katikati ambayo intaneti yako inapitishwa: Settings, Network & internet, Proxy, kama kuna proksi imewashwa na hukuiweka wewe wala ofisi, izime. Ya pili ni faili la hosts, ambalo kompyuta inaliangalia kabla ya kuuliza DNS, liko C:\Windows\System32\drivers\etc, lifungue kwa Notepad. Mistari inayoanza na # haina kazi, iache. Ukiona mstari usio na # wenye jina la saiti unayoitafuta, hapo pana mtu amekufungia au anakupeleka kwingine. Kisha piga skani kwa antivairasi.

Na seva za DNS usizozijua nazo ni dalili. Kulikuwa na kirusi kinaitwa DNSChanger, kiliingia kwenye kompyuta karibu milioni 4 katika nchi zaidi ya 100, kikawa kinazielekeza kwenye DNS za wezi. FBI waliwakamata 2011, zikawekwa seva safi kwa muda ili watu wasikatike ghafla, na zilipozimwa 9 Julai 2012 wale ambao hawakuwa wamesafisha mashine zao wakaamka hakuna saiti inayofunguka.

Limetokea dirisha kubwa linasema kompyuta imeambukizwa nipige namba fulani

Usipige. Ni matapeli, kampuni ya kweli haiweki namba ya simu kwenye onyo la virusi. Alt+F4, ikigoma Ctrl+Shift+Esc uifunge brauza humo.

Nikiipigia kampuni ya intaneti nisemeje wasinizungushe?

Wape majibu ya yale majaribio. "Saiti fulani inagoma kwa kompyuta na kwa simu nikiwa kwenye waifai yenu, kwa data ya simu ya mtandao mwingine inafunguka, ping ya 8.8.8.8 inajibu, imeanza saa fulani." Ukisema hivyo hawatakurudisha kwenye kuzima na kuwasha rauta. Andika pia tracert na jina la saiti kwenye cmd, upige picha majibu, inaonyesha kila kituo ombi lako linapopita. Nyota nyota katikati sio lazima ziwe tatizo, vituo vingine havijibu kwa makusudi, ila zikianzia sehemu fulani mpaka mwisho hapo ndo pa kuwaonyesha.

Nimefanya yote haya, sasa nipige Windows?

Bado. Kuna network reset, iko Settings, Network & internet, Advanced network settings, inarudisha mambo ya mtandao tu kama mapya, utalazimika kuingiza nywila za waifai upya na VPN kuisanidi tena, mafaili haigusi. Ikishindikana tengeneza Linux kwenye flashi, washa kompyuta kwa hiyo flashi bila kuinstoli chochote, fungua saiti. Ikifunguka humo mashine ni nzima na mtandao ni mzima, Windows ndo imevurugika, na hapo tu ndo kuipiga upya kuna maana. Na ukiwa humo humo kwenye flashi, kabla hujagusa kitu, nakili picha na mafaili yako yote kwenye diski ya nje, ichomeke kwenye kompyuta nyingine, fungua picha kadhaa za mwaka wa zamani na za karibuni uone kweli zinafunguka. Ukishaziona kwa macho yako ndo uanze.